Mikono Nayo Huchoka

Nakumbuka Jumamosi moja kule Panda, mwanangu, na imekuwa ikinirudia tangu uliponiambia kwamba mtoto wako wa mwisho anakutia aibu. Dada zake wanaleta vikombe vya basketi, kaka yake anasifiwa mtaa mzima kwa mpira, na yeye amejikunyata kwenye kona na penseli. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na haraka. Leo kaa kidogo, chai ipo.

Nyumba yetu ilikuwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, miaka ile nchi ikiitwa Zaire na kampuni ikitupa karibu kila kitu, kuanzia unga mpaka chokaa ya ukuta. Baba alikuwa fundi wa karakana, lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu kwamba ni kocha wa timu ya kambi. Kaka zangu wote walichezea timu hiyo, na dada yangu alikuwa na mbio mpaka wavulana wakakataa kushindana naye. Mimi nilikuwa na miguu mirefu kuliko wote, na haikunisaidia kitu. Nikirushiwa mpira, nilibaki kuangalia kivuli chake kinavyopita juu ya majani.

Nilichopenda ni kuchora. Nilichukua makaa jikoni, udongo mwekundu wa njiani, na vijiwe vya kijani ambavyo mjomba alituletea kutoka machimbo ya Kamatanda. Nilivisaga mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Karatasi ya kuchezea haikuwepo, basi nilichora kwenye ukuta wa nyuma, karibu na jiko. Wiki ile niliwachora kaka zangu uwanjani, mkubwa ameruka kupiga kichwa, na nilijivunia sana mguu wake uliobaki hewani.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya usafi iliyokuwa ya lazima kwa kila nyumba, na mkaguzi wa kambi alikuwa apite. Baba akachanganya chokaa, akaizunguka nyumba yote. Alipofika nyuma, aliupaka mchoro wangu huku akipiga mluzi. Hakuwa na hasira, mwanangu, na hilo ndilo lililoniumiza. Hakuona kitu pale. Akaniambia tu kwamba wiki ijayo nitaanza mazoezi ya mbio na dada yangu, niachane na makaa. Nililia hadi nikashikwa na kwikwi.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na desturi ya Jumamosi jioni. Baada ya mechi baba alipasha mafuta ya mawese, akakaa kwenye kiti kifupi, na kila aliyecheza alimwekea miguu mapajani. Aliisugua taratibu, akiuliza habari za pasi fulani, na kwa nini hukupiga kwa kushoto. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukitaka kujua kama anakupenda, ulijua hapo. Mimi sikuwahi kuingia kwenye zamu ile. Hakuna aliyenifukuza, ila sikuwa na cha kupeleka.

Jumamosi ile shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekuja kututembelea. Kwetu Waluba shangazi ni baba wa kike, na akisema, baba mwenyewe hukaa sawa. Tangu asubuhi alikuwa jikoni na mama, na aliyaona yote. Akanishika mkono, akanipeleka mbele ya kile kiti.

"Mudogo wangu," akasema, "weye unapakaa mafuta miguu ya batoto bote. Mikono ya huyu, nani atapakaa?"

Baba akacheka kidogo. Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa. "Miguu yabo inatumika, yaya. Inachoka."

"Angalia bidole yake. Na ile ukuta, uliangalia kwanza mbele ya kupakaa chokaa?"

Baba aliuchukua mkono wangu, akaugeuza. Rangi ya kijani ilikuwa imeingia kwenye nyufa za vidole na haikutoka kwa sabuni. Akachovya mafuta, akaanza kunisugua kidole kimoja kimoja, halafu akaniuliza kwa sauti ileile aliyowaulizia kaka zangu habari za mechi, nilikuwa nimechora nini pale. Nikamweleza habari za ule mguu. Kaka mkubwa aliposikia ni wake, alinuna kabisa kwamba umefutwa kabla hajauona. Mafuta yaliniuma kwenye nyufa, nami sikutaka amalize.

Salongo iliyofuata, baba alianza na ukuta wa nyuma. Aliupaka mpaka ukawa mweupe pe, akangoja ukauke, akaniita. "Hii ni ya weye," akasema, akaenda zake kupaka mbele. Mkaguzi alipouliza michoro ile ni ya nini, baba alimjibu kwa uso mkavu kwamba ndipo anapopangia timu. Habari za mbio hazikusemwa tena.

Mwanangu, sikuambii uwapunguzie wale wengine makofi. Wamecheza, wapigie. Lakini hata usipomkataza huyu mdogo, ukipita mbele ya kazi yake bila kuitazama umeipaka chokaa. Muulize alichochora kama unavyouliza nani alifunga. Akiwachora ndugu zake, waite waangalie, wabishane kama wamefanana au hawakufanana. Watoto wanapenda kujiona. Na usisubiri awe bingwa ndipo umpe nafasi yake nyumbani. Mimi mpaka leo sijawa bingwa wa kitu chochote, na bado nachora.

Mungu akulindie wanao, wenye miguu na wenye mikono. Akujalie jioni ndefu ya kuwatosha wote, na mtoto yule asikue akidhani zamu yake haikuwepo. Sasa maliza chai uende. Mawese yako kwenye chupa pale mlangoni, nimekuwekea.