Usifunge Mzigo Moyo Ukiwa Gizani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko nyingine: siku bani letu la kukaushia tumbaku lilipoungua.

Tulikuwa Ushetu, miaka ya themanini, enzi zile za kupanga foleni ya sukari. Nilikuwa kijana bado, na mke wangu Rosalia alikuwa ananyonyesha Yohana, mtoto wetu wa kwanza. Jasho la msimu mzima liligeuka majivu mchana kweupe. Majirani walinipa pole, nami kila pole niliisikia kama kicheko. Nikaingia ndani, nikaanza kufunga nguo zangu kwenye shuka.

"Unakwenda wapi, Baba Yohana?" Rosalia akauliza.

"Machimbo ya dhahabu, Geita. Jembe limenikataa."

Hakubishana nami. Alimbeba mtoto, akaenda kumwita Mama Shija.

Mama Shija alikuwa mjane, kiongozi wa kikundi chetu kidogo cha waumini walei. Jumapili baada ya misa tulikuwa tukisali kwa njia aliyotuachia Mtakatifu Inyasi: kukaa kimya mbele za Mungu, kuipitia siku, kushukuru, na kujiuliza moyo umeelekea wapi.

"Shikamoo, mayu," nikasema bila kumtazama alipoingia. Kwa Kisukuma, mayu ni mama.

"Marahaba. Nasikia unasafiri." Akaketi juu ya mzigo wangu! Na alivyokuwa mnene, Mungu amrehemu, nani angemwinua? "Siku ulipofunga ndoa, moyo wako ulikuwaje?"

"Mweupe, mayu."

"Na leo?"

Nikaivuta ncha ya shuka chini yake; mzigo haukusogea.

"Basi ulichokiamua kwenye mwanga usikivunje gizani. Sikukatazi Geita. Tulia kwanza, umuulize Mungu. Ukiona bado ni kwenda, nenda, lakini uagane na mkeo."

Nilinuna, ila nikabaki. Nilisali na kinyongo changu hivyo hivyo. Nikiwaza dhahabu, nilichangamka upesi, kisha nikabaki mkavu. Nikiwaza kubaki, nilihuzunika kwanza, halafu ukaja utulivu ambao haukuondoka. Jumapili niliwaeleza wenzangu wa kikundi. Hakuna aliyenihubiria. Kesho yake walikuja na fito, Mama Shija akakanda udongo huku akiimba Kisukuma, tukasimamisha bani upya. Ndipo nilipong'amua kwamba sikuwa naifuata dhahabu. Nilikuwa naikimbia aibu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini, mwanangu, si kila anayeondoka amekosea. Wapo walioitwa kwenda, na Mungu alikwenda nao. Ninachokusihi ni hiki: huzuni na hasira usizifanye washauri. Zikikujia, sali hata kama maneno hayatoki, kula, lala, waambie wanaokupenda. Uamuzi wako wa zamani uache mahali pake kwanza. Moyo ukishatulia, ndipo uchague, na amani inayodumu ndiyo uifuate.

Mungu akutangulie shambani na safarini, akupe usingizi mwema, na nyumba yako isikose kicheko cha watoto. Amina, mwanangu.