Makofi Kwenye Korido ya Wazazi

Mimi nina mdomo. Kibirizi nzima wanajua. Wenzangu tunaoanika dagaa pamoja husema nikifoka, hata kunguru huhama mwaloni, pale ufukweni. Na mdomo huohuo ndio uliokuwa ukiongoza maombi ya akina mama kila Jumapili. Niliwaombea mabinti wa watu mpaka mama zao wakatokwa na machozi.

Binti yangu wa pekee aliponiambia ana mimba, na aliyempa ameshakimbia, sikuomba. Nilimtoa nje na begi lake, nikasema mbele ya majirani, "Hicho kitoto chako kisikanyage mlango wangu!" Akaenda Ujiji kwa shangazi yake. Jumapili iliyofuata nikaongoza maombi kama kawaida.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikiwa nageuza dagaa kwenye chanja, shangazi mtu akanipigia simu. "Wifi, uchungu umekuwa mgumu. Tuko hospitali. Njoo."

Nilipanda bodaboda hivyohivyo, nanuka dagaa. Kwenye korido ya wazazi wifi yangu akanishika mkono. Mtoto ametoka, akaniambia, lakini hajalia.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila wangu niliona umemponza mtoto wa watu ambaye hata jua hajaliona.

Kando yetu alikaa mama mmoja wa Kirundi, anamsubiri mkwewe ajifungue. Alikuwa amesikia yote. "Mama, senga," akaniambia. "Omba. Imana irumva."

"Omba wewe. Mungu husikia watu kama nyie. Mimi hiki kitoto nilikikataa."

Akanitazama bila kushangaa. "Basi mwambie hivyohivyo."

Nikaanza kwa maneno yangu ya Jumapili, yale marefu yenye sifa nyingi. Nikayaacha njiani. Kilichonijia ni utoto wangu kijijini. Kwetu Uha mkubwa husalimiwa kwa kupiga goti na kupiga makofi taratibu, na huachi mpaka aitikie. Siku moja nilivunja chungu cha bibi jirani, nikajificha migombani mchana kutwa. Mama yangu akanikokota mpaka kwa yule bibi. "Aliyekosa ndiye apige makofi zaidi," alisema. "Ukijificha, atakusamehe akuone wapi?"

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya korido, nikaanza kupiga makofi. Watu wakageuka. Wifi yangu akanivuta kanga, sikumsikiliza.

"Nimekuja," nikasema kwa sauti. "Ni mimi niliyemkataa. Sina uso wa kukuomba, lakini naomba. Namtaka huyu mtoto. Namtaka alie. Sitoki hapa mpaka uitikie."

Nikaendelea kupiga makofi. Viganja vikawaka moto. Yule mama wa Kirundi akashuka kwenye benchi, akapiga pamoja nami.

Ndipo nyuma ya ule mlango mtoto akalia. Kwanza kidogo, kama anajaribu, halafu kwa hasira kabisa. Amerithi mdomo, masikini.

Wote wakashangilia. Mimi nilibaki palepale chini, mikono imeganda hewani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mtoto alipokuwa kimya, maana nilijua sasa kwamba nasikilizwa, na kwamba nilikuwa nasikilizwa hata siku ile nilipofoka mlangoni. Mungu alisikia yote mawili, akachagua la kuitikia.

Siku ya tatu tulirudi Kibirizi kwa bajaji. Majirani walewale wakatoka kutazama. Binti yangu akafika mlangoni na mtoto kifuani, akasimama. Hakuinua mguu.

"Mama," akauliza, akiangalia chini, "tupite?"

Ningeweza kusema piteni, yakaisha. Lakini kinywa kilichosema lile neno sikukiamini tena peke yake. Nikaenda mbele yao, nikapiga goti kwenye mchanga, mimi mama mtu, nikawapigia makofi wote wawili. Nikapiga, nikapiga, mpaka binti yangu akaitikia.