Siku Unyayo Wangu Ulipoinuka

Nakumbuka asubuhi moja pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa la Guangzhou, China, nikiwa bado mwanamke wa nguvu zangu. Nilikuwa nimetoka Singida kufuata mzigo. Nabishana bei na laoban wangu, yule mama mwenye duka niliyemzoea, mara kitambaa kikanidondoka. Nikainama kukiokota, nikaanguka mimi. Mdomo ulikwenda upande, maneno hayatoki. Yule mama alifunga duka saa za biashara, akanipakia kwenye gari mpaka hospitali. Madaktari walisema ni kiharusi, na kwamba kuwahishwa ndiko kulikoniokoa. Mpaka leo namtaja kwenye sala zangu.

Maneno yalirudi polepole, lakini mguu wa kulia ulikataa. Nikijaribu kupiga hatua, unyayo unaning'inia, vidole vinakwaruza sakafu. Nilijiona nimekwisha. Nikamwambia Mama Tesha, mfanyabiashara mwenzangu wa Kichaga aliyenizidi umri na aliyekuwa akiniletea uji, "Dada, nikatieni tiketi. Nikakae ndani kwangu, nisionekane na mtu."

Siku hiyohiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja na kimashine chenye nyaya. Saida, binti wa Kizanzibari aliyekuwa akisomea udaktari huko na kunitafsiria, alieleza kwamba kinapeleka umeme kidogo sana kwenye mishipa ya fahamu, ili unyayo uinuke ninapotembea. Kusikia umeme nikavuta shuka. Nikasema sitaki.

Mama Tesha aliweka bakuli chini. Hakupandisha sauti.

"Daktari amesema mguu haujafa. Sasa wewe unauzika kwa nini?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Unaona aibu kuchechemea mbele za watu. Wanao wanamtaka mama yao, mdogo wangu. Hawana habari na mwendo wake."

Saida akamwomba mtaalamu ambandike nyaya yeye kwanza. Unyayo wake ukanyanyuka wenyewe, akacheka. "Mama, ni kama sisimizi wanakutembea. Jaribu tu, ukiumia tunazima."

Basi nikakubali. Walinibandika chini ya goti. Ngozi ikasisimka, kisha, mwanangu, nikauona unyayo wangu ukiinuka. Nililia mpaka mtaalamu akadhani ananiumiza, akazima. Nikamwashiria kwa mkono awashe tena.

Usidhani nilitoka pale nikikimbia. Ilikuwa kazi. Nashika vyuma vya pembeni, mashine inainua unyayo, mimi nausukuma mwili kwa jasho langu. Siku nyingine mguu unasikia, siku nyingine ni kama hatujuani. Laoban alikuja kunitazama na machungwa, akasimama mlangoni akinipigia makofi kila nilipogeuka. Taratibu nikaweza kuvuka ukumbi wa mazoezi bila nyaya. Nilipanda ndege kurudi nyumbani nikitembea kwa fimbo, bila kubebwa. Mguu huu hadi leo ni mzito kukiwa na baridi, lakini kanisani naenda na kurudi kwa miguu yangu.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu na wewe unakwenda ugenini, na mwili ni mwili. Ukimwona mtu mdomo umepinda ghafla au mkono umelegea, usimpe maji wala usingoje apumzike, mkimbize hospitali. Na ikiwa ni wewe uliyeanguka, mwulize daktari kila unachokiogopa, kisha fanya mazoezi hata siku usiyoona tofauti. Usikimbilie kujificha. Mimi ningejificha, nisingejua kwamba nilikuwa na dada Mchaga, binti Mzanzibari na rafiki Mchina waliokuwa tayari kunisubiri nijifunze upya jambo ambalo mtoto wa mwaka mmoja analijua. Sijawahi kupata namna ya kuwashukuru ikatosha.

Mungu akulinde huko uendako. Akupe afya, na siku afya itakapoyumba, akuzungushie watu wa namna ile, nawe akupe moyo wa kuwaruhusu wakusaidie.