Nilimfuta Mtoto wa Watu kwa Kuamini Namba ya Kwenye Boksi

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili msinipe pole, maana siitaki.

Nina studio ya picha hapa Kibiti, kando ya barabara kuu. Mwaka jana nilikwenda Dar kununua monita. Muuzaji akanigongea kidole kwenye boksi: "Kontrasti, tofauti ya weupe na weusi, milioni kumi kwa moja, bosi! Weusi wake ni weusi kweli." Akaiwasha, nikaona weusi kama lami. Nikalipa. Mjinga mimi!

Nilikuwa na mwenzangu kazini, Mwanaidi, dada wa kutoka kijiji cha Mtawanya aliyesomea kompyuta. Siku ya kwanza tu akasema, "Kaka, hii monita inakula picha. Penye giza pote panakuwa tope. Soma karatasi ya ndani, kontrasti yake halisi wameandika elfu moja kwa moja."

Nikamjibu mbele ya wateja, "Ungekuwa unajua hivyo, si ungekuwa na studio yako?"

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikikumbuka kile kicheko natamani kujizaba kofi.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja kutoka visiwa vya delta, kwao wanakata mikoko. Simu yake ilitumbukia majini, ikapona kadi ya kuhifadhia picha tu. Ndani ya kadi mlikuwa na picha ya mama yake mzazi, marehemu, ameketi mlangoni juani. Nyuma yake mlango wazi na giza la chumbani.

"Nikuzie hawa, kaka, niwaweke ukutani," akasema.

Nikadhani "hawa" ni heshima kwa mama yake. Sikuuliza!

Mwanaidi aliitia kadi kwenye simu yake mwenyewe, akaitazama ile picha kabla hatujaihamishia kwenye kompyuta. "Kaka, mbona humu ndani naona kama mtu?"

Nikamgeuzia monita. "Yuko wapi? Nionyeshe!" Pale palikuwa na weusi mtupu. "Kama macho yako yanaishinda milioni kumi, nenda kwenu ukayatumie huko."

Akachukua mkoba wake, akaenda. Hakurudi.

Mimi nikaupaka ule weusi rangi nyeusi moja, safi, nikahifadhi juu ya picha ile ile. Halafu kadi nikaifuta yote, nikaitia kwenye kamera yangu, nikaenda nayo kupiga picha za harusi kule Umwe. Kadi ya mtu!

Yule mama akaja kuchukua picha yake. Akaitazama, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena.

"Saada yuko wapi?"

"Saada nani?"

"Mwanangu! Alisimama nyuma ya bibi yake, amejibanza anacheka. Tumemzika. Sina picha yake nyingine."

Ya Rabi! Nikaanza kuropoka habari za monita, mara kontrasti, mara muuzaji. Akanikatiza:

"Kwa hiyo umemfuta mwanangu hata hukumwona?"

Picha akaiacha mezani, akaondoka.

Kadi niliipeleka kwa fundi Dar. Akahangaika nayo kutwa nzima, zikatoka picha za pilau na bwana harusi. Yeye ndiye aliyenieleza ule ulaghai. Wanapima weupe taa ya monita ikiwa imewaka yote, kisha wanapima weusi taa ikiwa imefifizwa mpaka mwisho. Wanachukua vipimo vya nyakati mbili, wanavigawanya, wanakuandikia milioni! Na humo mna mtindo wa taa kujishusha yenyewe; ukiwashwa, picha ikiwa na giza, vilivyomo gizani unavipoteza.

Walaaniwe wanaoandika maboksi hayo, na wanaoyauza huku wanajua! Lakini aliyemtukana Mwanaidi ni mimi. Aliyefuta kadi ni mimi.

Nilikwenda Mtawanya kumtaka radhi. Nilimkuta uani anamenya mihogo, hakunipa hata kigoda.

"Mimi nimeshakusamehe," akasema bila kuinua uso. "Yule mama je?"

"Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu. Nenda kachukue matusi yako."

Nikapanda boti, nikaenda kisiwani kwake. Nilitukanwa na ukoo mzima, nimesimama kwenye tope, mpaka kina mama wa jirani wakaja kusaidia kunitukana. Yule mama mwenyewe hakutoka ndani.

Haya, wewe unayekwenda kununua monita. Kwa hizi za bei zetu, namba ya kweli ni elfu moja, pengine elfu tatu. Ukiandikiwa milioni, mwambie muuzaji akuonyeshe kontrasti ya taa isiyobadilika. Akibabaika, toka dukani kwake! Nenda na picha yako mwenyewe yenye giza, uifungue pale pale, uzime ule mtindo wa taa kujishusha, uhesabu unaona nini gizani.

Na mtu akikuambia anaona kitu usichokiona wewe, funga mdomo, inuka kwenye kiti, mpishe akae.