Herufi ya Mwisho ya Capitana Volcán

Bwana Iturbe alitoka mji mkuu kwa ndege ya asubuhi, akaingia nyumbani kwa Landy Canché na koti la sufu mwilini, Mérida, mwezi wa tano, joto la kukaanga yai. Kabla hata maji ya majani ya chaya aliyokaribishwa hayajafika kooni, akamwambia mwenye nyumba kwamba sura ya saba ya kitabu chake lazima iondoke. Mhariri mzima, msomi, halafu hana hata akili ya kuvua koti!

"Sura ya saba ndiyo kitabu," Landy akasema. Alikuwa amekaa kitako kwenye hamaka yake, kile kitanda cha nyuzi cha kuning'inia ambacho sisi huku tunazaliwa ndani yake na tunakufa ndani yake. "Hizo nyingine nimeziandika ili nifike hapo."

"Doña Landy, nakuelewa."

"Hunielewi. Ungekuwa unaelewa mambo, ungeshavua hilo koti."

Jikoni, mpwa wake Addy akaangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Bwana Iturbe akavua koti. Shati lote lilikuwa limelowa.

Sasa nikwambie kilichokuwa ndani ya hiyo sura, maana nchi nzima inaifahamu nusu tu ya habari. Mtu yeyote wa Meksiko mwenye mvi anamjua Capitana Volcán, yaani Kapteni Volkano: mwanamke mwenye joho jekundu na kofia ya dhahabu, aliyeruka juu ya mapaa kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, akawanyuka majambazi, akaweka mikono kiunoni na kutamka kwa sauti nzito kama ya kengele ya kanisa, "Mimi ndiye Capitana Volcán!" Vipindi mia moja hamsini na sita. Mwili ule ulikuwa wa Landy Canché, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha kamba za mkonge hapa kwetu. Sauti haikuwa yake. Ndiyo sura ya saba hiyo.

Alikwenda mji mkuu akiwa na miaka ishirini na saba, akapata kazi ya kuning'inia badala ya waigizaji walioogopa kuning'inia. Kamba alikuwa anaijua tangu utotoni. Alikuwa akiitazama tu anajua itakatikia wapi. Yule mwigizaji aliyechaguliwa kuwa Capitana alipandishwa ghorofa ya pili, akatazama chini, akateremka kwa ngazi na hakurudi tena. Wakamvika Landy joho. Likamkaa.

Shida ilianza siku alipofungua mdomo. Sisi wa Yucatán, jimbo letu hili la pwani, tuna mdomo wetu. Neno likiishia na n, midomo yetu inafunga mlango na n inatoka m. Pan, yaani mkate, kwetu ni pam, na hakuna aliyewahi kufa njaa kwa sababu hiyo. Basi Landy akaweka mikono kiunoni, akainua kidevu, akanguruma:

"Mimi ndiye Capitana Volcám!"

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. Alikuwa anaitwa Don Hilario, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. "Volcán. N. Sema n."

"Ndivyo nilivyosema, Don Hilario. Volcám."

"N, mwanangu! N ya nanasi!"

"N ya nanasi," Landy akasema vizuri kabisa. "Volcám."

Mara kumi na nne. Mafundi wa taa wakawa wamekaa chini wanashika mbavu. Mmoja akaanza kumwita Kapteni Wali wa Maharage, kwa sababu ati hicho ndicho chakula cha watu wa pwani. Landy hakulia. Alisubiri wakati wa chakula, akampandisha yule fundi kwenye kamba ya majaribio, akamwacha huko juu mpaka alipomwomba radhi akimtaja Landy kwa jina lake kamili. Lakini kesho yake wakamletea karatasi mpya ya mkataba. Yeye ataigiza, mwanamke mwingine ataingiza sauti kwenye chumba cha kurekodi, na msanii hatazungumza hadharani, akiwa amevaa joho au hajalivaa. Wewe fikiria! Miaka mitatu mtu asiseme hata "habari za asubuhi" mbele za watu.

Na wakampeleka kila mahali. Torreón, Puebla, Guadalajara, kwenye viwanja vya mpira na magwaride ya shule, spika inatoa sauti, naye anafungua na kufunga mdomo kama samaki wa kwenye ndoo. Veracruz, wakati wa kanivali, mtambo uliharibika, kanda ikaenda polepole, sauti ya Capitana ikatoka kama ya mlevi wa kiume anayeomba kusindikizwa nyumbani. Watu elfu nane wakavunjika mbavu kwa kicheko. Yeye juu ya jukwaa, joho linapepea, anaendelea kufungua na kufunga mdomo kwa sababu mkataba unasema hivyo. Aliniambia mwenyewe kwamba kuanguka kwake kote, kulikomvunja mbavu mbili na kifundo cha mguu, hakukumuuma kama siku ile.

Mfululizo ulipokwisha alirudi Mérida, akaajiriwa kituo cha mabasi kutangaza safari. Miaka ishirini na sita. "Basi la kwenda Cancúm, mlango wa nne." Na hakuna abiria hata mmoja aliyepelekwa kusikohusika kwa sababu ya herufi m. Alipostaafu akanunua mashine ya kuchapa ya mtumba, akakaa nayo miaka mitatu, kidole kimoja kimoja, akaandika. Alitaka jambo moja kabla hajazikwa: watu wajue kwamba yule mwanamke wa kwenye televisheni alikuwa na sauti, na sauti yenyewe ilikuwa hii.

"Watu wanaikumbuka sauti ile," Bwana Iturbe akasema, sasa anajipepea na karatasi za kitabu. "Tukiwaambia haikuwa yako, tunawaharibia utoto wao."

"Na utu uzima wangu aliuharibu nani?"

"Sisemi sauti yako ni mbaya. Ina... ina ladha yake."

"Ladha? Mimi ni supu ya ndimu?"

Bwana Iturbe akaweka glasi chini, akaacha kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kituo cha televisheni ndicho chenye picha zote, akasema, na hakitatoa hata moja sura hiyo ikibaki. Bila picha hakuna kitabu. Isitoshe uzinduzi umeshatangazwa, Alhamisi saa kumi na moja, ukumbi wa maktaba, na wageni wanatoka mji mkuu. Kukawa na jambo la mwisho, akalisema huku anatazama feni: ukurasa wa kwanza utasomwa na sauti wanayoijua watu. Yule bibi yupo, amekubali kuja, atakaa nyuma ya pazia. Doña Landy atakaa mbele, na, kama hatajali, atafuatisha kwa mdomo.

 Hata Addy jikoni aliacha kukatakata vitunguu.

"Yuko hai?" Landy akauliza.

"Ofelia Barragán. Ana miaka sabini na minne. Mzima kabisa."

"Mlete."

Bwana Iturbe alipoondoka, akilichukua hilo kuwa ni ndiyo, Addy akatoka jikoni amejishika kiuno. "Shangazi! Umekubali?"

"Nimesema amlete. Sijasema kingine."

"Lakini fikiria. Kitabu bila sura moja si bado kitabu? Ukikataa unabaki na makaratasi kwenye sanduku."

Landy alijilaza kwenye hamaka. Miaka mitatu ya kidole kimoja kimoja si mchezo. Usiku kucha alijiuliza kama mpwa wake hana haki, na alikasirika zaidi kwa sababu aliona anayo.

Alhamisi asubuhi walikwenda ukumbini kujaribu vipaza sauti. Ofelia Barragán alikuwa ameshafika. Mwanamke mdogo, mwembamba, na fimbo mkononi, amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia kana kwamba amezaliwa hapo. Landy alikuwa amejiandalia maneno tangu mwaka 1968, mwaka wa ule mkataba. Hakuwahi kuyasema, maana yule mwingine alimtangulia.

"Ndiye wewe!" Ofelia akasema kwa sauti ile ile ya kengele, Landy nywele zikamsimama. "Wewe mama umenitesa, haki ya Mungu! Unafunga mdomo mapema!"

"Nini?"

"Midomo yako! Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama midomo yako kwenye skrini na kusema pamoja nayo. Kila ikifika n, wewe umeshafunga. Volcán, umefunga. Corazón, umefunga. Mtu atasemaje n na mdomo umefungwa? Miaka mitatu nafokewa chumba kile, 'Ofelia, umechelewa, Ofelia, haikai!' Haikai kwa sababu si n! Nilikuwa nawaambia, huyu mama anasema m, kila mtu mwenye macho anaona anasema m. Hakuna aliyenisikiliza."

Landy akavuta kiti, akakaa. Katika nchi ya watu milioni hamsini, kumbe mmoja alikuwa amemsikia.

"Na wewe waliandika jina lako wapi?" akauliza.

"Jina? Popote pale halipo. Mwisho wa kipindi wameandikwa mpaka waliotoa viatu. Ndiyo maana nimekuja na mgongo huu unaouma. Bwana Iturbe ameniahidi nimo kwenye kitabu."

"Umo. Sura ya saba."

"Vizuri."

"Wameitoa leo wiki nzima."

Ofelia akageuza fimbo mkononi, mara moja, mara mbili. "Umeniandikaje humo?"

Landy hakupenda kusema uongo. "Mwizi."

"Mwizi!"

"Nilikuwa sikujui."

"Mwizi," Ofelia akarudia, sasa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Lakini na jina langu?"

"Majina yote mawili na la mama yako."

"Basi mwizi si haba," akasema Ofelia. "Mwizi angalau yupo."

Fundi akaja akawaambia mitambo iko tayari, na mazungumzo yakaishia hapo.

Saa kumi na moja ukumbi ulifurika. Mstari wa mbele wageni wa mji mkuu, na bwana mmoja wa kituo cha televisheni aliyevaa tai. Nyuma yao sisi: wanawake wa mtaani na magauni yao yaliyotariziwa maua, madereva wa mabasi waliostaafu, watu wazima wamevaa majoho mekundu ya kushonesha. Landy aliketi mezani peke yake, kipaza sauti mbele, na kwenye mapaja bahasha nene yenye nakala yake mwenyewe ya kitabu, yote, hakuna kilichotolewa. Addy alimuuliza ya nini. Alisema hajui bado. Na hiyo ndiyo ilikuwa kweli; bado alikuwa hajakata shauri.

Bwana Iturbe akamsifu dakika kumi. Taa zikapunguzwa. Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti, watu wakapumua kwa pamoja, wengine machozi hapo hapo. Landy akafungua mdomo na kuufunga. Akafungua na kuufunga. Ilirudi Veracruz yote, spika, joho, kicheko.

"Mimi ndiye Capitana," ikasema sauti ilipofika mwisho wa ukurasa, na ikanyamaza.

Ukumbi ukangoja. Bwana Iturbe akageukia pazia, macho yamemtoka. Landy akasikia kimya kile, akajua kabisa ni cha nani na kimeachwa kwa ajili ya nani. Akakisogelea kipaza sauti.

"Volcám," akasema.

Mstari wa mbele wakacheka, wakidhani ni kichekesho. Nyuma hakuna aliyecheka, kwa nini acheke? Neno lilikuwa limesemwa ipasavyo.

"Ofelia Barragán Luna," Landy akaita, "toka huko nyuma uje ukae na watu." Pazia likatikisika, fimbo ikatangulia, bibi mdogo akatoka anapepesa macho kwenye taa. Landy akampisha nusu ya kiti chake mwenyewe. Kisha akaeleza, bila kupamba, nani alikuwa mwili na nani alikuwa sauti, na nani aliamua iwe hivyo, na kwa sababu ya herufi gani. Bwana mwenye tai alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Viatu vyake vilisikika mpaka mlangoni.

Bwana Iturbe akapanda jukwaani, akainama sikioni mwa Landy. Alikuwa amepauka, na nitamtendea haki: hakuonekana mtu mbaya, alionekana mtu mwenye hofu ya kazi yake.

"Doña Landy, umekwisha. Kitabu hakitoki. Unaelewa? Hakitoki kabisa."

Landy alilijua hilo kabla hajafungua mdomo. Lilimchoma hata hivyo, hakuficha, alifumba macho kidogo. Kisha akakivuta kipaza sauti karibu.

"Bwana Iturbe anasema kitabu hakitoki," akawaambia watu. "Basi kaeni vizuri. Aliye na sufuria jikoni aende akaiepue arudi. Kina kurasa mia tatu na kumi na mbili."

Akafungua bahasha, akavaa miwani. Ofelia akamshikia kurasa zisipeperushwe na feni.

"Nilizaliwa Yucatám," akaanza.