Nilikatakata firigisi ya Mjomba nikaichanganya na maharagwe

Leo ni Jumatano. Nimejiahidi kusema yote, hata yanayoniumbua, kwa sababu hapa hakuna atakayeniona uso. Admin, jina langu libaki kwako.

Nina miaka kumi na sita, ninasoma sekondari hapa Lubumbashi. Baba yangu ana presha. Muuguzi alimwambia apunguze chumvi na mafuta, na kwa kuwa Mama yuko Sakania kwa biashara yake, jikoni nimebaki mimi. Nikabuni chakula chetu. Maharagwe ninayaloweka tangu jana yake, ninayachemsha mpaka yalainike. Kuku ninamtoa ngozi, ninamchemsha, kisha ninamchambua kwa vidole mpaka mifupa yote itoke. Ninavichanganya na nyanya, vitunguu, pilipili hoho, karoti, pilipili kali kidogo na kijiko kimoja tu cha mafuta. Baba alikuwa anakula mpaka anafuta sahani kwa bukari, ugali wetu. Presha ilishuka, muuguzi akamsifu, nami nikaanza kujiona daktari. Hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Jumamosi iliyopita Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alifika kutoka Kasenga bila kutuambia, na furushi la samaki wa chumvi. Sufuria ilikuwa tayari juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Nikapakua kwa furaha. Mjomba akageuza kijiko, akageuza tena.

"Shemeki, kuku iko wapi?"

"Iko humo ndani," Baba akajibu.

"Humo ndani wapi? Mimi naona tu maragi. Ao munaona sina tena meno?" Akacheka kidogo. "Na firigisi, mulipatia nani?"

Kwetu firigisi ni ya mkubwa aliyeketi mezani. Mgeni huwekewa nzima, aione. Ninalijua hilo tangu utotoni, lakini nilipokuwa nikipika nilimfikiria Baba peke yake. Nikajibu kutoka mlangoni, tena kwa kujivuna: "Nimeikatakata ndani, Mjomba, ili kila mtu apate kidogo."

"Kila muntu," akarudia polepole. "Basi leo mimi niko kila muntu."

Akanawa mikono bila kuonja hata tonge moja. Baba aliinamisha kichwa. Angeweza kusema, "Niko mgonjwa, mtoto ananipikia hivi ili nipone." Alisema tu, "Mutoto amekosea, Shemeki, utusamehe." Mjomba akaenda kulala kwa rafiki yake, akisema atarudi siku ya Mungu, Jumapili hii inayokuja, Mama akiwapo.

Mjomba alipoondoka, Baba hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliniambia, "Umenipatisha haya mbele ya kaka ya mama yako. Chakula cha wagonjwa usinipikie tena." Tangu siku hiyo anakula wale samaki wa chumvi, asubuhi na jioni. Jana nilimwona ameshika ukuta, amefumba macho. Nilipomuuliza alisema ni jua.

Sasa ameniagiza: Jumapili nikaange kuku na ngozi yake katika mafuta ya mawese, nitie chumvi ya kutosha. Nilimwomba nimpikie yeye sufuria ya pembeni. Akakataa. Mwenye nyumba anakula sahani moja na mgeni wake. Akila chakula kingine, ni kama amemwambia mgeni, hicho chako sikiamini. Na kuhusu ugonjwa alinionya: "Ukimwambia mjomba wako, watasema dada yao aliolewa na muntu mwenye amekwisha." Mama naye kwenye simu aliniambia nifuate neno la Baba, mambo ya wakubwa nisiyatie kinywani.

Ninaona haya kupita mbele ya Baba. Ninaona haya pia kwa sababu moyoni bado ninaamini chakula changu kilikuwa kizuri. Nimefikiria kumpokea Mjomba barabarani kabla hajafika mlangoni, nipige magoti, nimwombe msamaha kwa firigisi, kisha nimwambie kwa nini nilipika vile. Labda atamhurumia Baba. Labda pia nitakuwa nimemvua Baba nguo mara ya pili, na safari hii kwa makusudi.

Dada zangu, mama zangu, nijibuni kabla ya Jumapili: nimwambie Mjomba, au ninyamaze na nimpakulie Baba ile sahani kwa mikono yangu?