Dereva wa Riyadh aliyemkataza mkewe kuita trekta

Saa moja asubuhi, Ijumaa. Wenzake wa chumba kimoja mtaani Al-Murabba bado wanajigeuza kitandani, lakini Danson Mutisya amepiga magoti katika shamba nje ya Riyadh. Kidole chake kimezama udongoni hadi kwenye pete ya ndoa.

"Hapa pamefunikwa na mabaki ya mazao," anasema. "Pale palipolimwa, kidole kinaishia kwenye ukucha."

Danson, 41, mzaliwa wa Makueni, Kenya, si mkulima wa huku. Ni dereva. Kwa miaka mitatu amemzungusha mtaalamu wa kilimo kutoka Misri, anayemwita muhandisi, katika mashamba yanayojaribu kupanda bila kulima. Mwanzoni alisubiri garini, kwenye kiyoyozi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku moja alishuka, akauliza. Sasa hata siku yake ya mapumziko humwomba kafili wake, yaani mwajiri, gari ili aje kujifunza.

"Udongo ukivaa, haukauki," anasema, kwa uhakika wa mwalimu mkuu.

Kumshawishi Roseline, mkewe, ndiko kulikomtoa jasho. Kila Oktoba Danson alituma shilingi 7,000 za trekta ya kulima ekari zao mbili, na kijiji kizima kikajua mume yuko Saudia. Mwaka huu alituma ujumbe wa sauti: trekta halas, basi tena; mabua yaachwe shambani, kunde na fiwi zipandwe katikati ya mahindi.

Roseline hakumung'unya maneno. "Baba Ivy, watu washasema Saudi imekushinda. Na hayo mabua ni ya ng'ombe. Ama nimpe voice note yako ale?"

"Hapo alinipata," Danson anacheka. "Nilipanga shamba, nikasahau ng'ombe."

Wakakubaliana: ekari moja ilimwe, mabua yake yaende zizini. Nyingine isiguswe. Ikigoma, nusu ya chakula cha mwaka imekwenda.

"Naogopa, siwezi kukudanganya," anasema. "Lakini nimeona kwa macho yangu. Itakubali."

Simu inalia. Ni ujumbe wa sauti wa Roseline. Mvua ya kwanza ilinyesha jana.

"Kwa ekari ya trekta, maji yamebeba udongo mpaka barabarani. Kwako nimepima vile ulisema, Baba Ivy. Kidole kimefika kwenye pete."

Danson anaisikiliza mara mbili, kisha anafuta macho bila kujificha. Mkataba wake unaisha Februari, na hataongeza.

"Nimetembelea mashamba thelathini na moja ya watu," anasema akijikung'uta magoti. "Limebaki langu."